Siku Nne za Kupanda: Mombo, Lushoto, Mtae

Siku ya kwanza: Mombo

Wasafiri wengi wa Dar na Arusha wanaijua Mombo kwa tumbo. Basi linasimama, konda anapaza sauti "dakika kumi tu jamani", watu wanagawanyika kati ya foleni ya choo na foleni ya chipsi, na kabla hujamaliza kufuta mafuta vidoleni honi inalia. Mimi nimepita hapo kwa mtindo huohuo zaidi ya miaka 20. Kibao cha Lushoto nilikuwa nakiona upande wa kulia, mshale wake ukielekeza kwenye mlima mtupu, maana Usambara kwa pale haiinuki taratibu. Unatazama mashamba ya mkonge, ukifumba na kufumbua una ukuta mbele yako.

Safari hii nilishuka. Saa saba mchana, mwezi wa Julai, begi moja mgongoni. "Anko, umesahau kitu?" konda akaniuliza. Nikamwambia nimefika. Akanitazama mpaka mlango ulipofungwa.

Marehemu baba alikuwa utingo wa lori la mboga kwenye barabara hii, na alikuwa akiisimulia kwa kona, si kwa kilomita. Kona hii lori lilirudi nyuma wakaweka jiwe kwenye tairi, kona ile walilala na mzigo wa karoti hadi alfajiri. Sikuwahi kumuuliza barabara yenyewe ilianza vipi, na sasa wa kuulizwa hayupo. Nikaona heri niipande mwenyewe.

Kwenye makaratasi ni barabara ya mkoa tu, ngazi moja chini ya barabara kuu, iliyo mikononi mwa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Kutoka Mombo, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, inapanda kilomita 32 hivi hadi Lushoto, karibu mita 1,400. Ukiifuata mbele zaidi, kama kilomita 60 nyingine, unafika Mtae kwenye ukingo wa milima. Kwa ramani ya nchi ni uzi mwembamba unaotoka kwenye kamba nene ya kwenda Moshi.

Jioni nilimkodi kijana wa bodaboda anipeleke Mazinde, mbele kidogo kwa upande wa Same. Yeye hakuelewa ninakwenda kutazama nini, maana kuna mkonge, nyumba, na malori yanayopita kwa kasi. Nilikwenda kwa ajili ya Semboja. Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkubwa wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, alifariki mwaka 1862, na makao ya ufalme yalikuwa Vuga, juu mlimani. Mwanawe Semboja hakuutamani mlima. Alikaa Mazinde, chini, mahali misafara iliyotoka Pangani ilipopita ikielekea bara. Pembe za ndovu, bunduki na watumwa vilipitia mikononi mwake. Alipopata bunduki za kutosha alimwondoa mrithi wa Vuga, akamweka mwanawe mwenyewe juu, naye akabaki palepale njiani. Vita vilivyofuata vilidumu miaka, na watu wa milimani walioteremshwa Mazinde hawakurudi.

Kwa hiyo kabla Mjerumani hajachora mstari wowote, tayari huku kulikuwa na desturi kwamba vitu vya mlimani vinateremka, na mwenye nguvu anavisubiri chini.

Nililala Mombo kwenye nyumba ya wageni jirani na reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Miaka 12 kutoka baharini hadi hapa! Mwenye nyumba aliniambia treni ya abiria iliporejea mwaka 2019 watoto wake walikimbia kwenda kuitazama kama waliosikia ngoma. Joto, mbu, na feni iliyokuwa ikizunguka kwa kusitasita. Sikulala vizuri.

Siku ya pili: Mombo, Soni, Vuga

Coaster ilijaa saa mbili asubuhi, kisha ikajazwa tena. Nilikaa kando ya mzee mmoja mwenye koti zito la sufi, na mimi jasho linanitoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo shati lako litakuchekesha ukifika Soni."

Lami ni nyembamba, imekumbatia mlima upande mmoja, na upande wa pili ni bonde la Mto Mkuzu. Dereva anapiga honi kabla ya kila kona na kutega sikio ajibiwe. Anayeteremka anamsubiri anayepanda, kwa sababu mwenye mzigo akisimama kwenye mwinuko ataanza kuhangaika na klachi. Hiyo ndiyo adabu ya hapa, na madereva wa mlimani wanaishika kuliko alama yoyote ya barabarani. Walio wageni unawajua kwa harufu ya breki zao wakati wa kushuka.

Kila baada ya kona chache unakutana na kovu, mahali mlima ulipomwaga udongo wakati wa masika, pakakwanguliwa na greda, pakajengewa ukuta wa mawe na mfereji. Mzee alikuwa ananionyesha kwa kidole kama mtu anayeonyesha makaburi ya ukoo. "Pale tuliteremka tukavuka kwa miguu. Pale gari la upande huu halikufika, la upande ule halikufika, biashara ikawa ya wabeba mizigo."

Nilimuuliza nani aliikata njia hii kwanza. "Wajerumani," akasema, halafu akajisahihisha: "Walisimamia Wajerumani."

Masahihisho hayo ndiyo historia yenyewe. Wajerumani waliweka makao ya wilaya yao Lushoto, wakapaita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaizari wao. Baridi iliwafaa, malaria ilikuwa chache, na ardhi ikagawiwa walowezi. Lakini mlowezi bila mikono ya watu ni mtu mwenye msitu tu. Mwaka 1907 ukaletwa Usambara utaratibu wa kipande: mwanamume anapewa kadi, na kila miezi minne awe amejaza siku 30 za kazi kwa mlowezi, kwa ujira uliopangwa. Asiyejaza hulazimishwa kazi za serikali. Leo mkandarasi akisema "kipande cha Mombo hadi Soni" hana habari na kadi ile, lakini mimi siku nzima neno hilo liligoma kunitoka kichwani.

Kabla ya kuingia Soni maporomoko ya maji yanaonekana barabarani, meupe kwenye jabali. Abiria wenyeji hawakugeuka, walikuwa wanafunga zipu. Mombo tulikuwa tunajipepea kwa tiketi, hapa pumzi zinatoka na moshi. Mzee aliniangalia mikono nilivyoikunja, hakusema kitu, akatabasamu. Nilinunua sweta la mtumba kabla hata ya kunywa chai.

Soni ni njia panda. Ukinyoosha unakwenda Lushoto, ukikata kulia unakwenda Bumbuli na pande za Vuga. Nilichukua bodaboda kwenda Vuga, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Wasambaa wanasimulia kwamba Mbegha alitoka Nguu. Alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa mila za wakati ule mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi. Akawa mwindaji, akafukuzwa na lawama kutoka mahali hadi mahali, mpaka akafika Usambara. Huko nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mashamba. Akawaua, akawagawia watu nyama, nao wakamlipa kwa vyakula vya shambani. Akaamua na kesi zao. Usiku mmoja akaua simba, na watu wakasema huyu ndiye. Hivyo mkimbizi akawa mfalme, na Vuga ikawa mji mkuu wa ukoo wake, Wakilindi. Ninachokipenda katika hadithi hii ni kwamba Mbegha hakuchukua kwanza. Alianza kwa kugawa.

Mmisionari Krapf alipanda hadi hapa kwa miguu mwaka 1848, akarudi tena 1852, akapokewa na Kimweri ye Nyumbai mwenyewe. Wakati huo njia zote za milimani zilielekea Vuga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga wa wakati huo, wakamsimika Kinyashi. Barabara yao ya magari haikuelekezwa Vuga. Ilikwenda Lushoto, bonde walilolipa jina la Kaizari wao. Sidhani kama waliipinda kwa makusudi ya kuukomoa mji wa Wakilindi, maana bonde la Mkuzu lenyewe linakupeleka Lushoto ukilifuata. Lakini matokeo ni yaleyale. Leo kufika kwenye kiti cha Mbegha unapita njia ya pembeni, vumbi hadi nyusi.

Kitu kimoja kilibaki. Walutheri walijenga misheni Vuga na kuweka mtambo wa kuchapisha. Ukikuta kitabu cha zamani cha Kiswahili, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, tazama ukurasa wa mwanzo; huenda ukasoma jina la Vuga. Maneno nayo yaliteremka kwa barabara hii.

Mama aliyeniuzia chakula alinipa bada, ugali wa muhogo, na mboga za majani. Nilipomaliza nikaomba nyongeza, akacheka: "Kula baba, umepanda mlima."

Siku ya tatu: Lushoto na Magamba

Lushoto nitaipita haraka. Ni mji mzuri, una miti mirefu, makanisa, chuo cha mahakama, na wageni wenye fimbo za kupandia milima wakielekea Irente kutazama bonde. Waingereza waliuteka katikati ya 1916, jina la Kaizari likafutwa. Kila mtu huandika kuhusu Lushoto, nami sina la kuongeza, ila kwamba chai yake ya tangawizi asubuhi inaweza kumfanya mtu asamehe deni.

Sokoni ndiko nilikozubaa. Kabichi, karoti, viazi mviringo, hoho, letasi, maharage. Nyanya zimepangwa kwenye matenga ya miti, zimefunikwa majani. Magunia ya viazi yameshonewa vilemba juu ya midomo yao, lumbesa kamili, na ingawa kila mtu anajua sheria inakataza, hakuna anayeshangaa. Kila kitu kinangoja Fuso za jioni ziteremke Dar usiku.

Niliuliza mboga hizi za baridi zilifikaje huku, nikajibiwa "zilikuwepo". Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Kijerumani ilifungua shamba la majaribio Kwai, kaskazini ya Lushoto, wakajaribu viazi, mboga za kwao na ng'ombe wa maziwa. Walowezi walishindwa na mengi na wakaondoka. Viazi vikabaki, na mkulima wa Kisambaa akavichukua akavifanya vyake.

Mchana nilipanda Magamba, mwendo mfupi. Msitu unakujia ghafla baada ya mashamba: giza la kijani, kuvu kwenye magogo, ukungu unaotembea kati ya miti. Ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba sasa. Kwenye matawi kulikuwa na mbega weusi na weupe, mikia imening'inia kama mataulo. Mlinzi mmoja alinitania kwamba hao ndio ukoo halisi wa Mbegha, maana hawajawahi kulipa kodi.

Ukielekea upande wa Shume, msitu unabadilika. Inaanza misonobari na misedara iliyopandwa kwa mistari, Shamba la Miti Shume. Zamani kulikuwa na mwangati, mti wa mbao nyekundu zenye harufu ya penseli. Kampuni ya Kijerumani ilifungua kiwanda cha mbao huko juu, na barabara ikaonekana ni ndefu na ya taabu kwa magogo. Basi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wakafunga njia ya kamba ya chuma kutoka ukingo wa mlima hadi stesheni ya Mkumbara kwenye reli, iliyotengenezwa na kampuni ya Bleichert ya Ujerumani. Mbao zilining'inia hewani juu ya korongo, zikateremka moja kwa moja hadi kwenye behewa. Nilipokuwa mdogo baba alisema kulikuwa na "gari la kamba" na sisi tukamcheka. Nilisimama ukingoni upepo unanipiga nikajisemea, samahani mzee.

Siku ya nne: Lukozi hadi Mtae

Mbele ya Magamba lami ikatuacha. Nilipanda Noah ya watu saba iliyobeba watu kumi na mmoja na kuku wawili. Udongo mwekundu, hapa na pale kwenye mwinuko mkali wamemwaga zege, kisha tena udongo. Mvua kidogo ya usiku ilitosha kuugeuza sabuni.

Karibu na Lukozi tulikwama, na si kwamba gari letu lilikuwa na kosa. Fuso la kabichi lilikuwa limeteleza kwenye kona, tairi la nyuma ndani ya mfereji, ubavu umeziba njia nzima. Tulikaa hapo kwa muda wa saa mbili na nusu. Nimeshasema baba aliisimulia barabara hii kwa kona. Nadhani alimaanisha kwamba kwenye kona ndipo watu wanapozungumza.

Vijana walianza kushusha mzigo kwa mnyororo wa mikono, kabichi moja baada ya nyingine, hadi kando ya njia pakawa na kilima cha kijani. Nami nikaingia kwenye mstari. Mwenye mzigo alikuwa mama wa makamo, kanga mbili na buti za mpira, anahesabu kwa sauti.

"Zikifika kesho badala ya leo inakuwaje, mama?" nikamuuliza.

"Dalali ananiambia soko limejaa. Ananiambia hivyo hata zikifika leo."

"Na huwezi kwenda nazo mwenyewe Dar?"

"Nilikwenda mara moja. Nilirudi na nauli ya kuomba."

Kila mtu pale alikuwa na hesabu yake ya bei, na katika kila hesabu fedha zilipungua kwa kadiri mzigo ulivyoteremka. Shambani bei yake, njiani bei yake, sokoni Ilala kule Dar bei nyingine kabisa ambayo mkulima anaisikia kwa simu tu. Nilimfikiria Semboja kule chini njiani, lakini sikusema.

Mashamba ya kilima cha pili yalikuwa yamekatwa matuta, na kingo zake zimeshikwa na majani ya mifugo. Yanapendeza. Nikamsifia mzee mmoja aliyekuwa anaegemea jembe, akaguna. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwaamuru Wasambaa kulima matuta, kwa mpango ulioitwa wa kuokoa udongo. Kazi ilikuwa kubwa, mashamba madogo, faini juu. Watu wakagoma, wanawake kwa wanaume, hasira zao zikaingia TANU, na mpango ukafa kabla ya uhuru. Miaka ya 1980 walikuja wataalamu wengine na mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko, safari hii wakiwa na miche, majani ya ng'ombe na mazungumzo. "Haya si yale," mzee alisema. "Yale tuliamriwa. Haya ng'ombe anakula." Kisha akaongeza kwamba mvua ikiwa kubwa, yote mawili yanashuka barabarani vilevile, na greda linakuja kuyakusanya.

Fuso likatoka kwa kamba, mawe na matusi mepesi. Kabichi zikapakiwa upya, chache zimepasuka, mama akanipa moja. Nilisafiri nayo mapajani kupitia Manolo na Sunga, mtu mzima na kabichi lake, wala hakuna aliyeniuliza.

Tuliingia Mtae jua linazama. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimepanga mstari kando ya njia, na pande zote mbili ni utupu. Lipo kanisa la Kilutheri la zamani, upo msikiti, yapo maduka ya sabuni na vocha. Upande mmoja unatazama tambarare za Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, na nyuma yake ni Kenya. Siku isiyo na ukungu, wanasema, Kilimanjaro inaonekana. Mimi niliona mawingu.

Niliiacha kabichi kwa mwenye nyumba ya wageni, akaipika kwa nazi usiku huohuo. Baada ya kula alinipeleka ukingoni kunionyesha kitu. Chini kabisa, gizani, kulikuwa na taa ndogo zinazotambaa kwenye mstari mmoja. Yalikuwa malori ya barabara kuu. Nilikuwa nimesafiri siku nne kutoka pale, na pale palikuwa miguuni pangu.

"Kuna njia ya kushuka moja kwa moja?" nikamuuliza.

"Ya miguu ipo. Kina mama wanashuka nayo na mizigo kichwani kwenda gulioni. Wewe goti lako litakuangusha."

Alfajiri, kurudi

Basi la Mtae huondoka kabla jua halijafikiria kutoka. Saa kumi usiku utingo aligonga mlango kwa ngumi: "Anko, gari!" Nilitoka na viatu mkononi. Nafasi niliyolipia jana ilikuwa imekaliwa na gunia la viazi, lumbesa, limefungwa mkanda vizuri kuliko abiria.

"Panda juu yake tu," utingo akasema, "Mombo tunalishusha."

Nikapanda juu yake. Dereva akapiga honi kabla ya kona ya kwanza, akategea sikio.